Hadithi Fupi na Malezi ya Mtunzi

Swali la iwapo utunzi wa hadithi unaweza kufundishwa limejibiwa kwa namna mbili zinazopingana, na kila jibu lina watetezi wake. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi huzaliwa na kipawa ambacho hakuna darasa linaloweza kukitoa wala kukiongeza, na wapo wanaoamini kwamba kusimulia ni maarifa kama maarifa mengine, yenye kanuni zinazoweza kuandikwa ubaoni na kukaririwa. Maisha ya watunzi wenyewe hayaungi mkono upande wowote kati ya hizo. Yanachoonyesha ni kwamba wengi wa waliobobea katika hadithi fupi walijifunza kwa kuzisoma kazi za waliowatangulia, tena kwa usomaji wa pekee, wa polepole na wa kurudiarudia, wenye maswali ambayo msomaji wa kawaida hana haja ya kuyauliza. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba usomaji huo ndio shule ya kweli ya mtunzi, kwamba hadithi fupi inaufaa kuliko utanzu mwingine wowote wa nathari, na kwamba ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika shule za Afrika Mashariki, pamoja na mema yake mengi, umemzoesha mwanafunzi usomaji wa aina nyingine kabisa.

Sababu ya hadithi fupi kufaa kwa kazi hiyo ilielezwa mapema na Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alipouhakiki mkusanyiko wa hadithi za Nathaniel Hawthorne mwaka 1842. Poe alidai kwamba kazi inayoweza kusomwa kwa kikao kimoja ina nguvu ambayo riwaya haiwezi kuwa nayo, kwa kuwa msomaji haiachi katikati akashughulike na mambo mengine, na kwa hiyo mtunzi anaweza kuyaelekeza maneno yake yote, tangu sentensi ya kwanza, kwenye athari moja aliyoikusudia. Kanuni hiyo, inayoitwa umoja wa athari, imepingwa na watunzi wengi waliokuja baadaye, na ni kweli kwamba zipo hadithi bora zinazomwachia msomaji hisia mbili au tatu zinazovutana. Hata hivyo faida yake kwa mwanafunzi inabaki palepale. Riwaya ya kurasa 400 inaweza kubeba sura nzima iliyolegea bila msomaji kuikataa, na anayetaka kuichunguza hawezi kuiweka yote akilini kwa wakati mmoja, ilhali hadithi ya kurasa 8 inaweza kusomwa tena na tena katika juma moja, mpaka msomaji akajua kila aya iko wapi, imetanguliwa na nini na inafuatwa na nini.

Usomaji unaofundishwa shuleni una lengo tofauti. Katika mapokeo ya uhakiki yaliyoenea Tanzania, kazi ya fasihi hugawanywa katika maudhui, yaani yale yanayosemwa, na fani, yaani namna yanavyosemwa. Nchini Kenya, mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne hutakiwa kueleza dondoo limetoka wapi, kutaja sifa za mhusika, na kubainisha tamathali za semi zilizotumika. Mafunzo hayo yana thamani, kwa sababu yamewapa vijana wengi msamiati wa kuizungumzia hadithi, na bila msamiati mazungumzo hayawezi kufika mbali. Kasoro yake ni kwamba fani huja mwisho, kama orodha ya majina: hapa pana tashbihi, pale pana tashihisi, kule pana methali. Mwanafunzi anaweza kuipata tashbihi na kuitaja kwa usahihi bila kamwe kujiuliza mtunzi alikuwa na haja gani nayo mahali pale, na hadithi ingepoteza nini kama isingekuwapo. Mnunuzi huitazama nguo akapenda rangi na mkato wake, lakini fundi cherehani huigeuza nje ndani ili aone mshono umepita wapi; mtunzi anayejifunza hana budi kuwa na jicho hilo la pili.

Anton Chekhov, ambaye leo huhesabiwa miongoni mwa mabingwa wa utanzu huu, alikuwa na jicho hilo. Inasimuliwa na mmoja wa waliomfahamu kwamba aliisifu lugha ya Mikhail Lermontov kuliko ya mwandishi mwingine yeyote, na akasema kwamba njia ya kujifunza kuandika ni kuichukua hadithi ya Lermontov na kuichanganua kama wanafunzi wanavyochanganua sarufi darasani, sentensi baada ya sentensi, na ndani ya kila sentensi sehemu baada ya sehemu. Ushauri huo unaonekana mkavu, lakini umebeba jambo kubwa. Uchanganuzi wa namna hiyo humlazimisha msomaji kuacha kuvutwa na kisa na kuanza kuona kwamba kila athari iliyomgusa ilitokana na chaguo fulani la maneno, ambalo lingeweza kufanywa vingine.

Malezi ya Guy de Maupassant wa Ufaransa yalikuwa magumu zaidi, kwani yeye alikuwa na mwalimu aliye hai. Katika utangulizi wa riwaya yake ya mwaka 1888, *Pierre et Jean*, Maupassant anaeleza jinsi Gustave Flaubert alivyomsimamia kwa miaka 7, akisoma majaribio yake na kumkataza kuharakia uchapishaji. Mojawapo ya mazoezi aliyompa ni kumsawiri mwenye duka aliyeketi mlangoni pake, au bawabu anayevuta kiko chake, kwa namna ambayo msomaji hatamchanganya na mwenye duka au bawabu mwingine yeyote, na kumwonyesha, kwa neno moja tu, farasi mmoja wa gari la kukodi alivyotofautiana na farasi 50 waliomtangulia na kumfuata. Hadithi iliyomtambulisha Maupassant kwa wasomaji, *Boule de Suif*, ilitoka mwaka 1880, mwaka ambao Flaubert aliaga dunia.

Matunda ya malezi hayo yanaonekana wazi katika *La Parure*, hadithi ya mkufu iliyochapishwa mwaka 1884, ambayo wasomaji wengi huikumbuka kwa sentensi yake ya mwisho. Mathilde Loisel, mke wa karani wa Wizara ya Elimu, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi Forestier, ili aende nao kwenye dhifa, kisha anaupoteza. Yeye na mumewe wanakopa, wananunua mkufu unaofanana nao kwa faranga 36,000, na wanaishi katika ufukara kwa miaka 10 mpaka deni linakwisha, ndipo Mathilde anapokutana na rafiki yake na kuambiwa kwamba ule wa awali ulikuwa wa bandia, usiozidi thamani ya faranga 500. Anayeisoma mara moja husema kwamba mtunzi amemshtukiza. Anayeisoma mara ya pili akiwa tayari anaujua mwisho hugundua jambo la kushangaza zaidi, nalo ni kwamba alikwisha kuambiwa. Bi Forestier anautoa mkufu bila kusita hata kidogo. Sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani ya kijaluba, alipoulizwa, alipekua vitabu vyake na kujibu kwamba mkufu huo hakuuza yeye, ila kijaluba tu ndicho kilichotoka kwake. Na mkufu mpya uliporudishwa, mwenyewe hakukifungua kijaluba ili autazame.

Dalili hizo tatu hazikufichwa; zimeandikwa waziwazi, na ufundi uko katika mahali zilipowekwa. Sonara anatoa jibu lake wakati Mathilde na mumewe wanahangaika kutafuta mkufu wa kufanana, na msomaji, akihangaika pamoja nao, huliona jibu hilo kuwa ni kikwazo tu katika msako. Kuhusu kijaluba, Maupassant anamwonyesha palepale Mathilde akiogopa kwamba rafiki yake atakifungua na kugundua kuwa mkufu umebadilishwa, na kwa kuwa msomaji ameambukizwa hofu hiyo, kijaluba kisipofunguliwa hupumua, na katika nafuu hiyo hakumbuki kuuliza kwa nini mtu mwenye almasi hajali kuzihakiki zinaporudi. Hisia ya mhusika imetumika kuifunika dalili. Mwanafunzi aliyeliona hili amepata somo ambalo halipatikani katika ufafanuzi wa neno taharuki, hata ufafanuzi huo uwe mzuri kiasi gani.

Lipo pia suala la kasi ya usimulizi, yaani uwiano kati ya muda unaopita katika maisha ya wahusika na nafasi ambayo muda huo unapewa katika kurasa. Siku chache za maandalizi, usiku mmoja wa dhifa na juma la msako zimechukua sehemu kubwa ya hadithi, ilhali miaka 10 ya kufua, kusugua masufuria, kubeba maji ngazi hadi ngazi na kubishania senti sokoni imebanwa katika aya chache fupi. Mtunzi anayeanza hufanya kinyume, akidhani kwamba mateso ya miaka mingi yanastahili maneno mengi. Maupassant alijua kwamba jambo linalorudiwa kila siku linaweza kusemwa mara moja, na kwamba uzito wa miaka hiyo utahisiwa baadaye, katika mazungumzo mafupi ya njiani.

Chekhov anafundisha mengine. Hadithi yake ya Januari 1886, *Toska*, ambayo kwa Kiswahili ingeweza kuitwa majonzi, inamhusu Iona Potapov, mzee anayeendesha gari la theluji la kukodi, aliyefiwa na mwanawe juma hilohilo na anayetafuta mtu wa kumsimulia msiba wake. Kisa chote ni mfululizo wa majaribio yaliyoshindwa. Abiria wa kwanza, ofisa wa jeshi, anauliza mtoto alikufa kwa nini, kisha anafumba macho. Vijana watatu waliolewa wanamtukana na kumpiga kisogoni. Bawabu anamwambia asogee. Kijana mwenzake wa kazi, kule malazini, anakunywa maji na kujifunika asinzie. Mwishowe Iona anakwenda zizini na kumsimulia farasi wake.

Msomaji wa shuleni atasema, na atakuwa sahihi, kwamba dhamira ni upweke wa maskini katika jiji kubwa. Msomaji wa kifundi ataendelea kuuliza. Ataona kwamba urudiaji hauchoshi kwa sababu kila anayekataa anakataa kwa namna yake, na kwamba mpangilio wao umekusudiwa: ofisa anaanza kusikiliza kidogo, vijana wanasikia bila kujali, bawabu hapewi hata nafasi ya kusikia, na wa mwisho, ambaye ni wa tabaka moja na Iona na ndiye aliyetarajiwa kuelewa, amelala. Matumaini ya mzee na ya msomaji yanapunguzwa hatua kwa hatua, na pigo zito limehifadhiwa kwa yule aliye karibu zaidi. Kisha ataona jambo la ajabu kuliko yote katika hadithi hii, kwamba simulizi lenyewe, lile ambalo Iona amelibeba tangu ukurasa wa kwanza, yaani mtoto aliuguaje, alisema nini kabla ya kufa na mazishi yalikuwaje, msomaji halisikii. Hadithi inaishia pale Iona anapoanza kumweleza farasi kila kitu. Chekhov amejenga hamu ya kusikia, akaitimiza kwa mhusika na kumnyima msomaji, na ndiyo maana huzuni hiyo haiishi kitabu kinapofungwa.

Zoezi la kuiandika upya *Toska* katika nafsi ya kwanza, Iona akiwa msimulizi, linafundisha zaidi ya mhadhara wowote kuhusu nafsi za usimulizi. Anayejaribu atagundua baada ya aya mbili kwamba hadithi imevunjika, kwa sababu Iona akishamsimulia msomaji amekwisha kupata msikilizaji, na tatizo lililoiendesha hadithi halipo tena. Uamuzi wa kutumia msimulizi wa nafsi ya tatu, aliye karibu na Iona bila kuwa Iona, ulikuwa ni uamuzi kuhusu maana.

Ernest Hemingway aliisogeza mbele hatua nyingine mbinu hii ya kunyamaza. Katika *Hills Like White Elephants* ya mwaka 1927, mwanamume Mmarekani na msichana wanasubiri treni katika kituo kimoja cha bonde la Ebro, Hispania, wakinywa na kubishana juu ya utoaji wa mimba ambao hautajwi kwa jina lake hata mara moja. Mwaka 1932 alieleza kanuni yake kwamba mwandishi anayekijua vizuri anachokiandikia anaweza kuyaacha mambo mengi bila kuyasema, kama siwa barafu ambayo sehemu moja tu kati ya nane inaonekana juu ya maji. Kanuni hiyo imewapotosha wengi walioisoma bila sharti lake, wakadhani kwamba kuacha ni kutoandika, wakati Hemingway anazungumzia kuacha kile kinachojulikana kikamilifu. Mwanafunzi anayeichunguza dayalojia ile ataona kwamba mabadiliko ya mada, maombi ya kinywaji kingine na kimya cha msichana vimepangwa kwa uangalifu uleule ambao wengine huutumia kueleza.

Hata hivyo hadithi za Kirusi, Kifaransa na Kiingereza haziwezi kumfundisha mtunzi wa Kiswahili kila kitu, hasa zile mbinu zinazokaa ndani ya sarufi yenyewe. Kiambishi -ka-, kinachounganisha matendo yanayofuatana, humpa msimulizi wa Kiswahili mwendo wa haraka usiohitaji viunganishi, na kukiacha ghafla na kurudi kwenye -li- humfanya msomaji ahisi kwamba hatua mpya imeanza. Hu- ya mazoea inaweza kuibana miaka 10 ya Mathilde katika sentensi tatu. Kuhusu hayo, walimu wa kweli ni watunzi wa lugha yenyewe, na mkusanyiko wa *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutoka mwaka 2016, unatosha kuonyesha kwamba walimu hao wapo.

Katika hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina, Said A. Mohamed analileta jitu kwenye mkahawa wa Mzee Mago katika mtaa wa mabanda, nalo linaamuru chakula chote kilichopikwa siku hiyo, linakimaliza, na kuahidi kurudi. Baadaye mabuldoza yanakuja kuyabomoa makazi ya wanyonge. Ni rahisi kuandika katika daftari kwamba tumbo ni ishara ya uroho wa wanyakuzi wa ardhi. Lenye manufaa kwa mtunzi ni mfuatano. Ulaji unatangulia, tena ukiwa ulaji halisi, wenye sahani na jasho na watu waliopigwa na butwaa, ndipo ubomoaji unapofuata na kuugeuza kuwa ishara. Kama mabuldoza yangetangulia, jitu lingekuwa kielelezo tu cha hoja iliyokwisha kutolewa.

Chokocho mwenyewe, katika *Shogake Dada ana Ndevu*, amechukua njia iliyo kinyume kabisa na ya Maupassant. Wazazi wanamwamini binti yao Safia, anayejifungia chumbani kudurusu pamoja na shoga yake avaaye buibui, na siri kwamba shoga huyo ni mwanamume haikuhifadhiwa kwa ajili ya mwisho, bali imetangazwa katika anwani ya hadithi. Msomaji anaingia akijua wasiyoyajua wazazi, na kila sifa wanayommiminia binti yao inamtia wasiwasi. Hapa mshangao umetolewa kafara kwa makusudi ili kupata kinaya, yaani ile hali ambapo maneno ya mhusika yana maana nyingine kwa anayejua zaidi yake. Na kwa kuwa kiambishi cha nafsi katika Kiswahili hakitofautishi mume na mke, msimulizi anaweza kumzungumzia mgeni huyo bila kusema uongo na bila kufichua lolote, nafasi ambayo mtunzi wa Kiingereza hana. Kuziweka *La Parure* na hadithi hii pamoja na kuuliza kila mtunzi alipata nini na alipoteza nini ni zoezi linalostahili juma zima la darasa.

Upo upinzani mmoja unaohitaji kujibiwa kwa uzito, kwamba usomaji wa namna hii huzaa waigaji. Hofu hiyo ina msingi, kwani umaarufu wa *La Parure* umezalisha hadithi zisizo na idadi ambazo hazina kitu ila kibadiliko cha mwisho, na wanaoziandika wamesahau kwamba nyingi kati ya hadithi zipatazo 300 za Maupassant hazitegemei kibadiliko chochote. Lakini aliyeiga kibadiliko aliiona nguo kwa nje tu. Angeuona mshono, angejua kwamba sentensi ya mwisho ina nguvu kwa sababu ya kijaluba kisichofunguliwa, na mtu hawezi kuiga kijaluba hicho, anaweza tu kutafuta ndani ya kisa chake mwenyewe ni hofu ya nani itakayofunika nini. Mwigo wa mazoezi, ule ambao mwanafunzi anaufanya ili ajifunze kisha anautupa, ni jambo jingine.

Njia yenye faida kuliko zote, na inayotumiwa kwa nadra, ni kulinganisha matoleo mawili ya hadithi moja. James Joyce alichapisha *The Sisters* katika gazeti la Dublin mwaka 1904, kisha akaiandika upya kwa ajili ya *Dubliners* ya mwaka 1914, na tofauti kati ya hizo mbili zinamwonyesha mtunzi kijana akijifunza nini cha kuweka katika aya ya kwanza. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Raymond Carver, Mmarekani, ambaye mkusanyiko wake wa mwaka 1981 ulikatwa sana na mhariri Gordon Lish. Hadithi ya wazazi ambao mtoto wao amegongwa na gari siku yake ya kuzaliwa, huku mwoka mikate aliyepewa oda ya keki akiendelea kuwapigia simu, ilitoka kwa jina la *The Bath* na kuishia simu inapolia, hatima ya mtoto isijulikane. Mwaka 1983 Carver aliitoa tena ikiwa ndefu, kwa jina la *A Small, Good Thing*, mtoto amekufa, na wazazi wameketi usiku katika duka la mwoka mikate wakila mikate ya moto na kuzungumza naye hadi alfajiri. Mwaka 2009 miswada ya awali ilichapishwa, na tangu hapo yeyote anaweza kuziweka kurasa hizo sambamba na kuona kila kilichofutwa.

Wasomaji wamegawanyika kuhusu toleo lipi ni bora. *The Bath* ina ubaridi unaotisha, lakini hadithi ndefu inawapa wahusika kitu ambacho toleo fupi halikuwa na nafasi nacho, yaani msamaha, na kwa sababu hiyo inastahili kupewa nafasi ya juu zaidi. Mwanafunzi anaweza kukataa hukumu hiyo, mradi aitetee yake kwa kunyooshea kidole sentensi iliyokatwa na kueleza kukatwa kwake kumefanya nini. Kazi kama hiyo haijawezekana bado kwa sehemu kubwa ya hadithi fupi za Kiswahili, kwa kuwa msomaji hukutana na toleo moja tu, lililokwisha kupita mikononi mwa mhariri, na mara nyingi likiwa limezungukwa na maswali ya mtihani. Wachapishaji na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wangeweza kuanza na jambo dogo, la kuwaomba watunzi walio hai rasimu zao za kwanza na kuzichapisha pamoja na hadithi zilizokamilika, hata kama ni hadithi nne au tano tu kwa kila kitabu, na kumwachia mwanafunzi aone kwa macho yake mahali ambapo mtunzi alisita, akafuta, akaandika tena.